Gari la Athuman Halina Ubovu

Morotonga, Serengeti
Jumapili

Mpendwa kaka Mseti,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Turwa, pamoja na wifi Winfrida na watoto, na kwamba miguu ya mama imepungua kuvimba. Sisi huku tupo. Najua utashangaa kwa nini sikupiga simu. Sababu utaiona mbele. Anayekuletea barua ni Nice, yule anayeuza vitenge. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Uliniagiza nikalikague lile gari dogo la dizeli la Athuman, mfanyabiashara wa hapa Mugumu, kabla hujauza ng'ombe ulinunue. Nilikwenda na fundi Imrani, mtu asiyejua haraka ni nini. Siku ya kwanza aliweka kiganja juu ya boneti, akakuta ina moto, akakataa hata kuliwasha. Alisema injini ya dizeli iliyochoka huficha ugonjwa ikishapashwa joto, akamwomba Athuman asiliguse mpaka turudi asubuhi. Athuman alinuna, akauliza kama tunamwona yeye tapeli, lakini akakubali.

Asubuhi kulikuwa na baridi kweli, na injini iliwaka mara moja. Imrani alinisimamisha nyuma nimtajie rangi ya moshi. Mweupe usiokatika, alisema, ni nozeli mbovu, zile zinazopulizia dizeli, au maji yanaingia ndani ya injini. Wa bluu ni oili inaungua. Ulitoka mweupe kidogo tu, ukakatika. Akafungua kifuniko cha oili atafute utando kama maziwa yaliyoganda, akachungulia maji ya rejeta kama yana mafuta, hakuona kitu. Tukapandisha nalo mlima aone kama klachi inateleza, likavuta vizuri. Alichopata ni kutu kidogo chini ya tairi la akiba, na mlango wa nyuma usiokaa juu mpaka uuegemeze fimbo. Mkanda wa injini alisema ubadilishe tu, hata kama Athuman anaapa kwamba ni mpya.

Sasa nikuambie ukweli, kaka. Pale nyuma nilikuwa naomba moshi mweupe utoke. Kila Imrani alipofungua kitu nilitamani nimwone akikunja uso. Aliposema nikuambie ulichukue, nilikaa chini nikalia. Athuman alidhani ni furaha, akanipongeza huku akicheka.

Ng'ombe unaotaka kuuza ni wale aliowaleta Mogesi kunioa. Kwa mila yetu wewe ndiye mwenye kauli juu yao, na najua umeteseka na ile pikipiki kumpeleka mama hospitali. Lakini Mogesi ananipiga, kaka. Mwaka huu amezidi. Ule mkono niliowaambia niliuvunja kisimani, ni yeye aliyeuvunja. Simu yangu anakaa nayo yeye. Nataka kurudi nyumbani, na nikirudi tu atakuja na wazee kudai mahari yake. Wakikuta zizi tupu watanirudisha kwake, kama walivyomrudisha shangazi Regina. Shangazi naye alilia siku ile anapelekwa, na hatukumwona tena mpaka tulipoitwa kwenye mazishi yake.

Kabla ya barua hii niliandika nyingine. Humo nilisema injini inaingiza maji na fundi amekukataza kununua. Ungeniamini, na ng'ombe wangebaki zizini. Nimeichoma jikoni. Sitaki uwaache ng'ombe kwa sababu ya gari bovu, halafu kesho upate gari jingine uwauze. Nataka uwaache kwa sababu yangu.

Athuman atakusubiri mpaka mwisho wa wiki. Nisalimie wifi na watoto, na mama mwambie naendelea vizuri; habari ya mkono usimwambie, presha yake itapanda. Nice atarudi huku baada ya mnada, mpe jibu lako kwa mdomo tu, asibebe karatasi. Kama umeshawauza, usinifiche. Nijulishe mapema, nisije nikaanza safari.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Wegesa