Tosha Hajauzwa, Baba

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu asubuhi ile ya Agosti 1995 ulipotuachia nyumba ya Kisauni, mbuzi kumi na mmoja na mbwa mmoja. Anayeshika kalamu ni mimi Jumwa, kwa niaba ya wote, maana mwandiko wa Dishon unaujua.

Siku tatu kabla hujatuaga hukutuusia habari ya nyumba wala ya mbuzi. Ulituomba jambo moja tu: Tosha asifungwe mnyororo, na asiuzwe. Tukaitikia sote wanne, Mama, Dishon, mimi na Dhahabu. Tunajua kwamba kama ungeweza kufungua mdomo leo, swali lako la kwanza lingekuwa hilo. Kwa hiyo tunakujibu, pamoja na yale tunayoyaonea haya.

Lakini kwanza tukukumbuke ulivyokuwa.

Ulikamua ng'ombe wa Mzungu miaka ishirini na miwili, kwenye shamba la maziwa ambalo sasa limekatwa ploti. Shamba lilipofungwa mwaka 1984 wenzako waliondoka na baiskeli, na madebe ya maziwa, na mmoja aling'oa mlango. Wewe ulirudi na mbwa wawili wa manyoya marefu, weusi kwa weupe, Megi na Roi, wa ile aina ya boda koli inayochunga kondoo kwenye nchi za baridi. Mama alisimama mlangoni akakuuliza kondoo wako wapi. Ukamwambia watakuja. Hawakuja mpaka leo. Ulinunua mbuzi.

Kuishi na boda koli ni kuishi na askari ambaye hakuajiriwa na mtu. Hawabweki ovyo, hawaumi, ila hawawezi kuvumilia kitu kilichotawanyika. Kuku wa Mama walikuwa wakilala saa kumi na moja jioni wakitaka wasitake. Mabeseni ya kufulia yalisukumwa kwa pua mpaka yakae pamoja. Sisi watoto tukicheza uani tulijikuta tumesogezwa taratibu mpaka ukutani, na hakuna aliyejua mchezo uliishia wapi. Na yale macho yao, Baba. Mtu anainamiwa, anatazamwa bila jicho kupepeswa, mpaka anakumbuka kazi aliyotumwa asubuhi.

Joto la Mombasa halikuwafaa. Adhuhuri walilala ndani ya hori la maji ya mbuzi, vichwa tu vimetokeza, na mbuzi wakasubiri kwa heshima. Ukaona uwapunguze manyoya kwa mkasi wa Mama wa kushonea. Mkasi ukafa, Mama hakusema nawe kutwa nzima, na Roi akatoka na mistari ambayo ilimchukua miezi kuificha.

Mwaka 1989 Megi alizaa saba. Sita ukawagawa, wa mwisho ukambakisha ukasema huyu atosha, likawa ndilo jina lake. Tosha aliwapita wazazi wake kwa akili. Ulimsemesha Kigiriama, Mama Kikamba, na amri za kazi alizirithi kwa Kiingereza cha Mzungu. Mama alizoea kusema kuwa mbwa huyu ana lugha tatu na Dishon ana moja na nusu. Waposaji wa Dhahabu walipokuja kutoka Mikindani, watu tisa, wakasimama uani makundi makundi wakinong'onezana, Tosha aliwazunguka polepole hadi wote wakabanana kando ya tangi la maji. Mshenga wao alituambia baadaye kwamba ndiyo maana mambo yalikwenda upesi.

Si kila mtu alicheka. Hatujasahau mwaka 1985, mwaka mmoja tu tangu Megi na Roi waingie mtaani. Watoto wa chuo cha Kurani cha Mwalimu Ishaka walitoka alasiri wakatawanyika njiani kama watoto wowote, na Megi akaona hiyo ni kazi. Akawakusanya kumi na wanne, kanzu na vitabu vyao, akawaleta kwenye zizi la mbuzi bila kumgusa mmoja kwa jino. Kwa pua aliwagusa, na pua ya mbwa ni majimaji. Jirani yetu Bi Mwanasaumu, dadake Mwalimu, ambaye husuka makuti upande wa pili wa ua, alisimama akakuambia waziwazi, "Mzee Kefa, mimi nawe hatuna ugomvi. Lakini watoto wamenajisika. Ama wahame mbwa hawa, ama tuhame sisi."

Hukubishana. Ulipita nyumba kwa nyumba ukaomba radhi, ukakusanya zile kanzu, ukazifua mwenyewe. Ulikuwa umesikia kwamba mate ya mbwa huoshwa mara saba, nawe ukaosha saba kwa sabuni, ukahesabu kwa sauti. Bi Mwanasaumu akakueleza kwamba katika hizo saba moja ni kwa mchanga. Ukarudia kazi yote, na mchanga ukautoa pale karibu, kwenye ule udongo mwekundu uliouleta kutoka Rabai wa kukandikia banda. Kanzu kumi na nne zikatoka rangi ya chai. Watoto wale walivaa rangi ya chai mpaka Idi.

Bi Mwanasaumu aliziangalia kambani kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani, nasi tukasikia akicheka huko hadi akakohoa. Hakutaja tena habari ya kuhama. Mkapatana kwamba chuo kikikaribia kutoka wewe utakuwa umeshika njia ya malishoni na mbwa wako, na kwa miaka kumi hukuchelewa hata siku moja.

Malishoni ulifanya kazi kwa mbinja, ule mluzi wako. Ulikuwa na ule mwanya wa mbele, na pumzi ikipita pale mtaa mzima ulijua Mzee Kefa anarudisha mbuzi. Mbinja moja ndefu, Tosha alale chini. Mbili fupi, arudi. Ya kupanda azunguke kulia, ya kushuka azunguke kushoto. Dishon alijaribu kujifunza, ikatoka sauti ya birika bovu. Mimi hukuniruhusu, ukasema mwanamke hapigi mbinja, watu watasema nini.

Kifua kilipokubana, ule mwezi wa mwisho, hukuweza tena kufika hata barazani. Hata hivyo kila alasiri mbinja zilisikika upande wa dirisha lako, na Tosha akaingiza mbuzi zizini. Mama alisema mtu mwenye pumzi ya kupiga mbinja bado yupo sana. Tulijifariji hivyo hadi siku ya mwisho.

Sasa yale tunayoyaonea haya.

Tulipokuzika Rabai, Dishon alirudi Nairobi, Dhahabu akarudi kwa mumewe, nami nina zamu zangu kiwandani Changamwe. Mama akabaki na mbuzi na Tosha. Wengine husema mbwa aliyefiwa hulala kaburini asile. Tosha hakufanya hivyo. Alikosa kazi, basi, na boda koli asiye na kazi hujitafutia. Alichunga magurudumu ya mikokoteni. Alichunga watu waendao kanisani, akawafikisha kabla ya kengele. Mwezi wa Mei alimzunguka kijana wa mikate mpaka baiskeli ikaanguka na mikate ikaenda mtaroni. Tuliita, tulipiga makofi, tulipiga mbinja zetu za uongo. Alitutazama tu, kama mtu anayesubiri mwenye ofisi arudi.

Tukamfunga, Baba. Mnyororo ule ule tuliokuahidi hatutautumia. Siku tatu hakula. Bwana mmoja mwenye ranchi upande wa Voi akasikia, akaja akamwona, akasema ana kondoo mia sita na atampa kazi. Tukakaa kikao, tukaambizana kwamba wewe mwenyewe ungeona afadhali, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Tukakubali amchukue Jumamosi.

Alhamisi alasiri nilikuwa nyumbani. Mama alimfungua Tosha ili apate walau kunywa maji, akaenda jikoni kugeuza sima. Lango la zizi halikuwa limekazwa. Kufumba na kufumbua mbuzi wote walikuwa barabarani, na siku hizi malori ya mawe hayapungui pale. Tosha akawafuata mbio, lakini bila amri aliwagawa badala ya kuwakusanya, watano huku, sita kule, naye katikati akizunguka. Lori lilikuwa likiteremka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika.

Ndipo ikasikika mbinja moja, ndefu, ya kwako.

Tosha alianguka tumbo chini pale pale. Ikaja ya kupanda, akazunguka kulia. Ikaja ya kushuka. Mbuzi wakajikunja wakawa kundi moja, wakavuka, lori likapita na vumbi lake, na kwa mbinja mbili fupi wote wakarudi zizini. Mama alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Alisema, "Kefa?" Hakusema kwa nguvu.

Upande wa pili wa ua Bi Mwanasaumu ameketi na kuti lake mapajani, amejiziba mdomo kwa ncha ya leso.

"Msinitazame hivyo," akasema. "Miaka kumi na mmoja Mzee Kefa yuwapiga mbinja, mimi nasuka. Mimi si kiziwi."

Mama akamwuliza, "Bi Mwanasaumu, ni wewe?"

"Ni mimi, na Mola anisamehe, mwanamke mzima wa makamo yangu." Akalishusha kuti. "Mama Dishon, ule mwezi wa mwisho, ulidhani pumzi zile mumeo alikuwa akizipata wapi? Aliniita hapo dirishani. Akanambia, Bi Mwanasaumu, najua mbinja zangu wazijua, nimekusikia ukijaribu ukidhani nimelala. Nisaidie, wasione kwamba nimeshindwa. Nikamwapisha asimwambie mtu. Wallahi nilitahayari."

Mama aliketi chini pale pale penye vumbi. Akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Bi Mwanasaumu naye akilia akasema kwamba alikuwa akingoja mmoja wetu ajifunze, maana ni kazi ya watu wa nyumba, na yeye hakutaka kuonekana amejitia. Miezi tisa amekuwa akimsikiliza Tosha akihangaika, akiuzuia mdomo wake.

Kwa hiyo ulijua, Baba. Ulipotuomba tusimuuze ulijua yuko wa kumwongoza, ukanyamaza kwa sababu uliapishwa. Sisi tulidhani umetuachia mzigo, kumbe umetuachia mtu, nasi tulikaribia kumuuza Tosha kabla hatujamjua mtu huyo. Tusamehe.

Bwana wa Voi alikuja Jumamosi na gari lake. Bi Mwanasaumu ndiye aliyempokea langoni. Alimwambia, "Karibu chai. Mbwa yuwafanya kazi." Bwana yule alikunywa vikombe viwili, akatazama mbuzi wakipelekwa na kurudishwa, akaenda zake na chupa ya maziwa.

Sasa hivi ndivyo tunavyoishi. Mama hutangulia na fimbo, Tosha akazunguka, na Bi Mwanasaumu huketi barazani kwake akipiga mbinja huku anasuka. Mbwa hamgusi, wala yeye hamgusi mbwa, na wanaelewana kuliko wengi waliooana. Mwalimu Ishaka alikuja kumwuliza habari ya mwanamke kupiga mbinja. Alimjibu kwamba yuko tayari kumwachia yeye ile kazi ya kila alasiri. Mwalimu akaaga. Mimi nami najifunza, na hukukosea, watu wanasema. Tosha ana mvi puani, anakula, na mnyororo Mama ameufanya wa kuning'inizia ndoo kisimani.

Tulipoamua kukuandikia, tulimwendea Bi Mwanasaumu tumwombe ruhusa ya kumtaja, kwa kuwa siri ilikuwa yake. Alisuka mpaka kuti likaisha. Akasema, "Andikeni. Lakini msiniandike jirani."

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mkeo Nduku. Wanao Dishon, Jumwa na Dhahabu. Wajukuu zako wa Mikindani. Na dada yako, Mwanasaumu.

Hujatutoka, Baba. Maisha yetu yote tutakutaja.