Ubao Wangu Walioukatia Nyama

Baba Zuhura,

Nimetoka eda jana. Hali yako siulizi, anaijua aliyekuchukua. Yangu nitakwambia bila kuficha: nina hasira. Nimekaa nazo chumbani muda wote wa eda, na kwa kuwa mjane hapazi sauti, zimenijaa hadi kooni. Leo nazitoa kwako, maana wewe ndiye uliyeanza.

Ubao wangu waliukatia nyama.

Ndiyo, ule wa kwangu. Siku ya arobaini yako ndugu yako Athumani alitafuta meza ya kukatia nyama ya pilau. Akaingia uani, akafunua turubai, akaona kitu kirefu, laini, kimelala juu ya matofali. Hakuuliza mtu. Mimi nilikuwa ndani, nikasikia panga la kwanza likishuka, nikajua. Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza. Kila ubao ulioletwa uliugonga kwa kifundo cha kidole, kuanzia mbele hadi nyuma, kama mtu anayechagua nazi, huku ukiniuliza, "Hapa pazima au pamekufa?" Palipo pazima panalia ko, palipokufa panalia bu. Basi siku ile nilikaa mkekani nimejifunika, nikausikia ubao wangu ukifa kipande baada ya kipande.

Nilipiga kelele, "Jamani, hiyo si meza!" Shangazi yako akanishika bega. "Nyamaza mwanangu. Mfiwa halilii kitu, analilia mtu." Nikauma kanga. Pilau waliisifu sana.

Huyo Athumani simlaumu peke yake. Angejuaje? Mtaa mzima wa Boko hakuna aliyewahi kuelewa ulichokuwa ukifanya pale uani. Hoteli ya ufukweni ilipoanza kujaa wageni, zile mbao zao za tanga, wanazosimama juu yake upepo ukawapeleka, zilikuwa zikigonga miamba na kupasuka, wakizitupa nyuma ya jiko. Wewe, mlinzi wa mashua za hoteli, ukawa unazileta nyumbani moja moja kwa mkokoteni. Watoto wakikufuata nyuma: "Baba Zuhura kaleta jeneza!" Ulicheka. Mimi hata wakati ule sikuona cha kuchekesha.

Za mwanzo uliziharibu. Uliziba nyufa kabla maji ya ndani hayajatoka, jua likazivimbisha kama maandazi. Ukajifunza kuziegemeza ukutani, pua chini, wiki hata mbili, zitiririke. Kazi ya kukata faiba, kitambaa cha nyuzi za kioo tulichozibia nyufa, kwa mkasi wangu wa cherehani ikawa yangu, na ya kukoroga gundi pia. "Taratibu, mama. Ukizidisha dawa itagandia koponi." Wageni walipoona mbao zimerudi nzima wakaanza kuagiza: huyu anataka upunguzwe urefu, yule anataka uwekwe kitenge chini ya gundi ili maua yaonekane. Tulikuwa tunaiweza ile kazi, Baba Zuhura. Wawili sisi, tuliiweza.

Halafu ukautengeneza wangu. Nusu ya mbele kutoka ubao mmoja uliovunjika, nusu ya nyuma kutoka mwingine. Ukaniomba kanga. Nikakupa ile uliyoniletea nilipojifungua Zuhura. Ukaitandaza, ukaimiminia gundi mpaka maua yakang'aa kama yamenyeshewa. Ukasema, "Huu hauuzwi. Wa kwako. Jumapili nakupeleka majini."

Jumapili ipi? Kila Jumapili paliletwa ubao wa mgeni anayeutaka haraka kabla hajapanda ndege. Nilikwambia, hawa wanaondoka, mimi je? Ukanijibu, "Si ndiyo hivyo! Wao wanaondoka, wewe upo." Ukaona umesema jambo la maana sana. Basi tazama nani kaondoka, nani yupo.

Na vumbi. Ngoja niliseme hili, nimelinyamazia kwa watu wote. Ulipopiga msasa nilikufunga kitambaa puani kwa mkono wangu, na nilipogeuka umekivua. "Nitapumuaje, mwanamke?" Ukapumua vumbi la faiba miaka yote. Daktari alisema kifua. Mama yako alisema jicho la watu. Mimi ndiye niliyekuwa nikifua mashati yako, nikiona ule unga mweupe unavyoelea kwenye beseni. Ulikuwa mbishi, Baba Zuhura. Ubishi wako umemwacha mtoto bila baba.

Sasa sikiliza ya Athumani. Baada ya arobaini aliupenda ubao ule kuliko ulivyoupenda wewe. Akaja kusimama nyuma ya pazia langu. "Shemeji, siku hizi kila kitu ruksa, bwana. Kila mtu ana mradi. Mie nafungua banda la chipsi na mishkaki pale barabarani, ubao ule ndo kaunta yangu. Unapangusika safi sana."

Nikamwambia, "Ule wangu. Marehemu alinipa."

"Shahidi nani?"

Shahidi ni wewe, na wewe umelala. Akasema, "Ukishatoka eda tu naja kuuchukua, mali ya marehemu ni ya ukoo."

Jana alfajiri wanawake walikuja kunipeleka baharini kuoga, kama ilivyo desturi. Nikawaambia Zuhura na mimi tuna mzigo. Tukajitwika ubao, yeye mbele mimi nyuma. Shangazi yako akashika kiuno. "Kisa gani tena hiki? Eda inatolewa kwa maji, haitolewi kwa mbao."

"Shangazi," nikamwambia, "mliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Leo niacheni."

Wakaniacha. Ubao bila tanga, bila mlingoti, na mikato ya panga juu ya maua yangu. Nilipousukuma kwenye kina niliusikia ukinywa maji, glu, glu. Nikapanda kwa magoti. Kisha nikasimama. Sijui nilisimama kwa muda gani, kanga imenigandia mwilini, wanawake wote wamejipanga ufukweni wananitazama. Kisha nikaanguka, pu, na wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa shangazi yako.

Leo asubuhi Athumani kaja na mkokoteni. Shangazi alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele, hata hakuinua kichwa. "Ubao una mwenyewe. Nimemwona juu yake kwa macho yangu. Katafute meza." Mkokoteni umerudi mtupu.

Ningefurahi, na kidogo nimefurahi. Lakini tangu jana kuna kitu kinanikereketa. Ubao uliokatwakatwa vile, uliojaa maji, ulipaswa kuzama na mtu. Haukuzama. Nikakumbuka siku uliyonipandisha kwenye mizani ya mashineni, ile ya kupimia magunia ya mahindi, ukatangaza uzito wangu mbele ya watu, nikakununia mpaka usiku. Ulisema lazima umjue utakayembeba. Ulimpima mwanamke yule, ukamtengenezea ubao wake. Mimi siye tena. Nimebaki mifupa na kanga, ndiyo maana hata ubao mgonjwa umeniweza.

Basi kwa heri, mume wangu. Yasini nitakusomea kila Alhamisi, hiyo sikunyimi. Kukusamehe bado, usiniharakishe. Ubao nimeuegemeza ukutani. Ukikauka nitauziba mwenyewe, pua yangu nimeifunga, na Zuhura atakaa mbali na vumbi. Na nakuahidi jambo ambalo tangu ufe hakuna aliyeweza kunilazimisha: nitakula. Nitakula hadi niufikie tena ule uzito uliotangaza mashineni, nipande ubao wangu nikiwa yule uliyempima.

Mama Zuhura