Bunduki ya Misumari ya Chacha

Jumatatu, 4 Machi

Nanyoosha misumari tangu asubuhi. Ya inchi nne, yenye kutu, niliyoing'oa kwenye kenchi za paa la ghala lililobomolewa. Debe limefika nusu. Kidole gumba kimevimba. Siku hizi msumari wenye kutu ni mali kuliko mpya, na anayelijua hilo kuliko wote hapa Genkuru ni mimi.

Dhahabu imewatia watu wazimu. Mgodi unapanuka kuja upande wetu, kila mtu anapanda nyumba kama mahindi. Kutegesha. Unaiweka nyumba kama mtego wa kware, mthamini akipita anaipiga namba mlangoni, unalipwa fidia. Tatizo moja tu. Tangazo limeshatoka, na nyumba iliyojengwa baada ya tangazo haipewi namba. Kwa hiyo kazi si kujenga nyumba. Kazi ni kujenga nyumba ya zamani. Mabati ya zamani, misumari ya zamani, moshi ndani wiki nzima, maji ya samadi ukutani. Mimi nakujengea leo nyumba aliyofia babu yako. Darasa la nne niliishia, lakini hili hata chuoni hawalifundishi.

Chacha, mtoto wa marehemu mdogo wangu, anataka nyumba tisa kwa wiki mbili. Si tamaa peke yake. Ni dada yake, Nyangi, aliyeolewa Ringwani. Mume anampiga. Mwezi uliopita kamvunja kidole. Anataka kurudi nyumbani, na harudi mpaka ng'ombe wa mahari warudi. Kumi kamili, kasema mume, hataki hadithi za ng'ombe waliokufa kwa ndigana. Zizini wamebaki saba. Chacha kaamua kuwauza wote saba ajenge. Nyumba zikipata namba, Nyangi anatoka. Zisipopata, atazeekea huko na kipigo chake.

Nikamwambia sawa, tupige kazi, nyundo mbili. Akacheka, pale kwenye kibanda cha chai, watu wamejaa.

"Baba mkubwa, wewe pumzika. Msumari mmoja unakohoa mara tatu. Mimi nanunua bunduki ya misumari."

Watu wakaangua kicheko. Hata mama maandazi, ambaye hana meno ya kuchekea.

Nyundo alishikishwa na mimi. Wakati huo kamasi hajui kupenga.

Jumatano, 6 Machi

Kanipigia alfajiri. Twende Sirari nikamchagulie. Kwa hiyo nimezeeka kupiga, lakini kuchagua bado. Nikaenda. Ningekosaje kwenda.

Duka la vifaa, karibu kabisa na mpaka. Muuzaji Mkenya, mdomo kama cherehani. Akatoa ubao wa majaribio, laini, mweupe. Nikamwambia huo ni mkate. Nikafungua mfuko wangu, nikatoa kipande cha mkaratusi kilichokauka miaka mitatu darini kwangu. Pigia huu.

"Mzee, umekuja na mtihani wako mwenyewe?"

"Mtihani wa mwalimu nilishaufeli zamani."

Ya kwanza ilikuwa ya mpira wa upepo. Inataka mashine ya kujaza upepo na umeme wa kuiendesha. Kwenye kiwanja cha Chacha umeme ni radi tu. Tukaiacha.

Ya pili ya betri na kopo la gesi. Nyepesi, inapiga kama nyumbu. Nikauliza kopo likiisha? "Unaagizia tu Nairobi, mzee, si mbali." Chacha alikuwa ameshaanza kuikumbatia. Nikamwambia irudishe, utakuja kumtegeshea nani huku unasubiri kopo.

Zikabaki mbili, zote betri tupu, na kila moja ina betri ya akiba. Hapo ndipo pa kuchagua.

Moja nzito kama beberu. Misumari yake imepangwa kwenye utepe wa plastiki, na chumba cha misumari ni kirefu, kimekaa vibaya, ukiingia kwenye kona ya kenchi kinagonga mbao. Lakini ilizamisha msumari kwenye mkaratusi wangu mpaka kichwa kikakaa sawa na ubao. Kichwa cha duara, kama cha msumari wowote wa dukani.

Nyingine nyepesi kidogo. Misumari imeshikwa kwa karatasi, imebanana, inaingia mingi kwa mara moja. Chumba kimelala, kinapita kona zote. Ina kigurudumu cha kupima msumari uzame kiasi gani. Nikaisukuma pua kwa kiganja, ikarudi vizuri. Isipobanwa pua kwenye ubao haifyatui. Kuna watu wangetengenezwa hivyo tungepumzika. Nayo ikazamisha, wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kusita.

Nikainama kuangalia vichwa. Nusu mwezi. Kila kichwa kimekatwa upande mmoja ili misumari ibanane kwenye karatasi. Safu nzima ya nusu mwezi, inang'aa.

Kichwa cha duara unakitia kutu kwa chumvi na mkojo, siku nne kimezeeka. Nusu mwezi hata ukikizika mwaka mzima kitatoka nusu mwezi. Hakuna mzee hapa Tarime aliyewahi kujenga kwa msumari wa namna ile. Mthamini akiinua tochi mara moja, kwisha.

Chacha hakuangalia vichwa. Alikuwa anajipiga picha.

"Baba mkubwa, ipi?"

Kwa kenchi ya mtu mwaminifu, hiyo ya nusu mwezi ndiyo mashine. Sikusema uongo. Nikaiwekea kidole.

Katoni sita za misumari yake. Njiani anaimba.

Alhamisi, 7 Machi

Pa pa pa pa. Kenchi nzima kabla chai haijapoa. Watu wamekuja kutazama kama harusi. Mimi nimekaa juu ya jiwe langu, nakohoa kwa makusudi.

Nimejiwekea sharti. Akiniuliza, nitamwambia. Aseme tu, "Baba mkubwa, hebu panda uangalie." Basi. Nitapanda, nitamwonyesha, tutang'oa vichwa vichache vinavyoonekana, tutaweka misumari yangu ya debe. Siku mbili kazi imekwisha. Sitaki kingine. Neno moja.

Hajauliza.

Jumamosi, 9 Machi

Nyumba nne. Mabati yanapigwa kwa nyundo na vijana aliowaokota mnadani, wanapinda misumari kama tambi. Kuta kapaka samadi. Ndani kawasha kuni mbichi, moshi unatoka hadi madirishani. Haya yote kajifunza kwangu. Anayafanya vizuri, mbwa huyu.

Nilipita kumtania. Nikamwambia nyumba zako zimeota mvi kabla ya kunyonya. Akacheka. Akanipa soda kama mgeni.

Masizi yatafunika vichwa, nimejiambia. Halafu nikajiambia masizi yanafutika kwa kidole. Halafu nikanywa soda.

Jumanne, 12 Machi

Nyangi kanipigia mwenyewe. Simu ya kuazima. Anaongea chini chini ili wakwe wasisikie, nusu Kikurya, nusu Kiswahili.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kidole?"

"Kimepinda. Chacha anasema wewe ndiye uliyechagua mashine."

"Ndiyo."

"Basi nimetulia."

Akakata. Nilikaa na simu mkononi kama mtu aliyepewa yai bichi. Kisha hasira ikanipanda, sijui kwa nani. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni kwenda kuchanjwa. Hana kosa na mimi. Hilo nalijua. Nimeliandika hapa ili nisije kusema sikulijua.

Alhamisi, 14 Machi

Leo niliondoka kwangu nimejitwika debe la misumari. Nakwenda kumwambia. Bila kuulizwa. Nimeshinda mwili, nimeshinda roho, mchungaji angefurahi.

Nikamkuta Chacha amezungukwa na watu sita wa kutoka Mugumu, wanataka naye awajengee. Anawaonyesha mashine. Akaniona. "Mnaona mzee wangu huyu? Fundi wa zamani. Kenchi moja alikuwa anamaliza siku mbili, na siku ya tatu analala." Akanishika bega. Akaona debe. "Hiyo chuma chakavu unapeleka wapi, baba mkubwa? Anayenunua yuko pale barabarani."

Wakacheka wote sita.

Nikamwambia naipeleka barabarani. Nikapita. Nikatembea mpaka barabarani kweli, na debe langu, nikasimama pale kama mjinga, nikarudi kwa njia ya mtoni.

Asiponiuliza, na aende.

Jumatatu, 18 Machi

Wathamini wamekuja. Walisema Alhamisi, wamekuja leo.

Kiongozi wao ni binti mdogo, buti za shamba, kofia ngumu yenye tochi. Nilitegemea mtu wa mjini mwenye kitambi anayeogopa ngazi. Akaniamkia vizuri. Nikaitikia. Akaingia nyumba ya kwanza ya Chacha, akanusa moshi, akagusa ukuta, akatikisa kichwa kama mtu aliyependa. Rangi nyekundu ya kupigia namba imeshafunguliwa kopo. Nikaona midomo ya Chacha inatembea. Anasali.

"Hii ya mwaka gani, kaka?"

"Aliijenga marehemu baba."

Akaomba ngazi.

Akapanda, akafuta masizi kwa kidole gumba. Akakaa pale juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akamwita Chacha apande naye.

"Marehemu baba alikuwa na mashine ya betri?"

Chini tulikuwa kama watu arobaini. Mmoja akacheka, na wote wakamfuata, mpaka watoto. Aliyecheka wa kwanza ni mimi. Kilinitoka kama kikohozi, sikukishika.

Hakuwa na haraka. Alizipita zote tisa, na kila moja alipanda ngazi, alifuta, alishuka. Kopo la rangi likafungwa.

Jumanne, 19 Machi

Jirani yake kapewa namba mbili. Kenchi za jirani nilizipiga mimi mwaka jana, baada ya tangazo. Kwa nyundo.

Chacha kaja kwangu jioni. Kasimama mlangoni, hakukaa. "Baba mkubwa, pale Sirari, wewe vile vichwa uliviona?"

Hatimaye kauliza.

Nikamwambia macho yangu yamezeeka, mwanangu. Akasema ni kweli. Akaniomba radhi kwa kunipandisha gari safari ndefu vile.

Ijumaa, 22 Machi

Nyangi kaja. Usiku kucha kakimbia, miguu imechanika, jicho moja limefunga. Nyuma yake, kabla ya saa sita, mume na wazee wawili wa kwao. Wameongea kwa heshima, wamekaa kivulini, wamekunywa uji. Wanataka mke wao au ng'ombe wao. Si watu wa fujo, wamesema.

Tukakaa kikao. Chacha hakuinua uso. Akaitoa ile mashine, akaiweka katikati ya wazee, chukueni hii. Mzee mmoja wa Ringwani akaigeuza kwa fimbo yake. Akauliza inatoa maziwa?

Kwa ukoo wetu mimi ndiye mkubwa. Nasema wa mwisho, na nikishasema imekwisha. Wote wakanigeukia. Nyangi pia, kwa jicho lile moja.

Ng'ombe hawapo. Ningesema nini. Ningeweza kusema mengi. Nikasema, "Mwanangu, rudi na wenzako."

Hakulia. Alikwenda kuosha vikombe vya wageni.

Jumapili, 24 Machi

Mume katangulia na wazee wake jana. Kamwachia siku moja apone jicho, watu wasione njiani. Kwa hiyo leo nimemsindikiza mimi. Chacha hakuamka.

Tulitembea polepole mpaka kituoni. Kengele ya kanisa ilikuwa inapigwa. Watu wa ibada walitupita, wakasalimia, tukaitikia. Alibeba mfuko wa rambo wenye kanga mbili na sabuni. Nikataka kumpokea, akasema si mzito.

Gari la upande wa Mugumu lilichelewa. Tukakaa kwenye gogo.

"Baba mkubwa, Chacha alikosea wapi?"

"Misumari."

"Misumari tu?"

"Ndiyo."

Akafikiri. Akasema Chacha angeniuliza mimi, mimi ningejua. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua imechelewa mwaka huu.

Gari likaja. Akapiga goti kidogo kuniaga, kile kidole kilichopinda hakikuweza kukunjika na vingine. Akapanda, akapata kiti upande wa pili, kwa hiyo sikumwona tena.

Nimerudi. Nimepasha kiporo. Nimekula.