Salon Nyeusi na Wakwe Waliokuja Kunililia

Mpendwa Maman Valérie, mushauri wetu wa redio, unisaidie mbio, nyumba yangu imeharibika kwa sababu ya uzuri. Mimi ni Papa Modeste wa Nyalukemba, hakuna mutu anaelewa rangi kunipita Ibanda yote, siku moja nilipaka rangi ya kijani villa moja ya kando ya ziwa, kesho yake ndege wakajenga viota mu salon, pale wageni wanakaa. Sasa tulikuwa tunangojea wakwe walete mahari ya binti yangu Ornella, bibi yangu Bibiane akasema tupake rangi ya maziwa kama watu wote, mimi nikakataa, nikasema mode, mtindo wa leo, ni nyeusi, ile isiyong'aa, nikapaka ukuta zote za salon yetu na plafond, dari ya juu, na katikati nikatundika picha yangu kubwa, ile ya suti, na maua ya plastiki pembeni na taa ndogo chini yake. Ikapendeza mpaka mimi mwenyewe nikaiamkia.

Jirani akapita, akachungulia kwa dirisha, akaona weusi, taa, maua na sura yangu, akapiga kelele, "Woo, Modeste ametuacha!" Kidogo tu, viti vya plastiki vikajaa mu parcelle, uwanja wetu wote, wamama wa kanisa wanaimba, nami nikakaa kimya nyuma ya mlango, kwa sababu walikuwa wananisifu muzuri sana. Ndipo wakwe wakafika na mbuzi. Nikawafungulia mimi mwenyewe. Muzee wao, Papa Chrispin, akanikumbatia: "Pole sana, papa. Wewe ni mudogo wake? Munafanana kabisa!"

Nikamwambia, "Marehemu ni mimi."

Akalia zaidi. "Muone namna kifo inachanganya ndugu!"

Wakageuza mbuzi, maana mahari haiingie mu nyumba yenye kilio, watarudi kilio kikiondolewa, pengine mwaka kesho. Ornella hanisemeshi tena. Bibiane anataka nipake upya, lakini nilishatangaza mu avenue yote kama hii rangi iko Paris na kwangu tu. Basi, Maman, niweke rideau, pazia ya dirisha, ya rangi gani, ili wakwe waelewe kama ni mode?

Papa Modeste, bado muzima

*

Papa Modeste,

Nafurahi unapumua. Pole pia, kwa sababu kusikia watu wanakulilia si mambo ndogo. Lakini rideau? Mutoto wako amekosa mahari, na wewe unatafuta kitambaa! Nyeusi inapendeza, sikatai, kwa ukuta moja, mu nyumba ambamo baba hajatundikwa na maua. Na ulisikia wanakuzika, ukanyamaza ili wamalize sifa. Hiyo kosa si ya rangi.

Shusha picha sasa hivi. Tia kwanza sous-couche nyeupe, ile ya chini ya kufunika weusi, uache ikauke vizuri, bila hiyo marehemu atatokea tena chini ya rangi. Kisha paka ile ya maziwa, Bibiane akisimamia. Kwa wakwe usiende wewe, utawaongezea hadithi. Mutume kaka ya Bibiane, awaambie hakuna mutu amekufa, ni ukuta tu ulipakwa vibaya. Neno "vibaya" asilisahau.

Siku wakirudi na mbuzi, wa kuangaliwa ni Ornella. Kaa kwa kona na soda yako. Papa Chrispin akikuuliza tena kama wewe ni mudogo wa marehemu, mujibu: "Hapana, papa. Mimi ni baba ya bibi-arusi." Halafu unyamaze.

Rideau, Bibiane atachagua.

Maman Valérie