Tulikuwa Watatu

Jumapili, jioni. Mvua inapiga mabati tangu mchana na mtaa wetu wote wa Kapsoya ni matope. Nimejifungia chumbani, nimesema kichwa kinaniuma.

Hakiumi.

Sebuleni bado kuna wageni. Namsikia Mama akieleza tena jinsi binti yake alivyokuwa wa tatu Afrika. Ni kweli. Angalia matokeo ya michezo: kunyanyua vyuma, wanawake, uzani wangu. Jina langu liko nambari tatu. Chini yake hakuna jina lingine.

Tulikuwa watatu.

Wengine waliotarajiwa hawakufika. Kocha alipojua, alishusha uzani niliopanga kuanza nao. "Nyanyua tu kitu, shaba ni yako." Nikanyanyua kilo sabini na tano, ambazo huwa nazinyanyua hata nikiwa na mafua. Nilikuwa na nafasi mbili zaidi za kujaribu. Mwaka mzima nimejiandaa kwa tisini. Nimezila, nimezilalia, nimeziota. Kocha akasema tuziache hizo nafasi, nisije nikaumia bure na medali tunayo.

Nikasema sawa.

Tangu nirudi sijagusa chuma. Kila siku wageni. Hapa Eldoret ukirudi na medali unaulizwa ulikimbia mbio gani. Jirani yetu Mama Chebet alileta kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuwapokea washindi. Nilipomwambia mimi sikimbii, nanyanyua vyuma, alinishika msuli wa mkono, akaubonyeza, akacheka: "Basi wewe kunywa mara mbili!"

Nilikunywa. Yalipita kooni kama kitu cha kuiba.

Ndiyo maana leo kanisani, mchungaji aliponiita mbele, niliamua kuyamaliza. Nikashika maikrofoni nikasema: tulikuwa watatu tu, na mimi nilikuwa wa mwisho.

Nikahisi kifua kinafunguka.

"Mnaona unyenyekevu?" mchungaji akasema. "Vijana, mnaona?"

Vigelegele. Watu wakasimama. Mama akalia kwa furaha, na kina mama wenzake wakampepea kwa leso. Sijawahi kufungiwa mahali kwa makofi. Nilikuwa nimeuweka ukweli kama mlango wangu wa nyuma, wa kutokea siku mambo yakizidi. Sasa nimeutumia, na bado niko ndani.

Tuliporudi nilimfuata Mama jikoni, nikamwambia naona aibu.

"Aibu ya nini, Achi? Kwani hao wengine walikatazwa kuja?"

Nikamweleza kuhusu tisini. Akaacha kukata mboga ya sukuma.

"Kwa hivyo hukujaribu?"

"Kocha alisema..."

"Kocha nitamuuliza siku yake. Nimekuuliza wewe."

Wageni wakapiga hodi, akapangusa mikono, akaenda kuwaonyesha medali.

Nimekaa na swali lake mpaka sasa. Wiki nzima nimelaumu ile idadi, kana kwamba wangekuja kumi ningekuwa mtu mwingine. Idadi sikuipanga. Kusema sawa, hilo nililifanya mwenyewe, tena haraka, na nikilichunguza vizuri nakuta ndani yake kitu kinachofanana na nafuu. Nilifurahi kuambiwa niache.

Hilo sikulisema kanisani.

Kocha ameandika kwamba Jumanne tunapigwa picha na wakubwa wa kaunti, nivae tracksuit ya timu, na nisinyanyue chochote kabla ya hapo. Wanataka kunituma shuleni nikawahimize wasichana. Nitawahimiza wafanye nini?

Gym hufunguliwa alfajiri. Kesho nitakuwa mlangoni kabla hakujajaa, na nitapakia tisini. Naogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya majaji. Zikinishinda, kocha alikuwa sahihi, na nitalazimika kuishi na hilo na picha ukutani. Zikipanda, nitajua nilichokiacha kule.

Lolote kati ya hayo likitokea, nitakuwa na matokeo.

Sijamjibu kocha.