Miche ya Nyuma ya Tanuri

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na Mama ameacha kukukumbusha kwamba alikukataza kupanda ngazi. Mimi ni mzima, ila kazi imenikalia shingoni.

Unajua bado niko kwenye miezi ya majaribio katika hii kampuni ya kuandaa mikutano. Sasa nimekabidhiwa mkutano wa mwaka wa wauzaji wa majokofu: wageni mia tatu, siku mbili, hoteli kubwa. Bosi wetu tunamwita Tayari, kwa sababu kwake kila kitu kiko tayari hata kabla hakijaanza. Ameshachapisha bango: MKUTANO USIOACHA HEWA UKAA HATA CHEMBE. Bango limeshatundikwa. Kupima hakujaanza. Mpimaji ni mimi.

Maana yake ni kwamba nihesabu hewa chafu yote itakayotokana na mkutano, kuanzia ndege na magari hadi umeme na chakula, kisha tuifidie kwa kupanda miti ya kuivuta. Ripoti nitaisaini mimi. Atakayeikagua ni mama mmoja wa chama cha hao wauzaji, ambaye watu wakimwona kwenye korido wanakumbuka kwamba wana shughuli kwingine. Ripoti ikipita, naajiriwa moja kwa moja. Isipopita, narudi nyumbani kukushikia ngazi.

Baba, umekagua mizani za watu miaka thelathini na mmoja. Niambie, moshi unapimwaje?

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linaendelea, nami naendelea nalo. Mama yako mzima, anauliza kama unakula au unaandika tu. Nimeona umepiga simu mara mbili kuuliza kama barua imefika. Imefika. Simu ni ya misiba na ya watu waliokosea namba. Jambo la kupimwa huandikwa.

Swali lako ni zuri, na jibu lake ni fupi: moshi haupimwi. Hupimwa kile kinachouleta. Huwezi kukimbiza moshi wa jenereta na mfuko, lakini lita za dizeli zilizoingia kwenye tangi unaweza kuzihesabu, na wenye elimu hiyo wameshatuambia kila lita inatoa kiasi gani. Lita moja ya dizeli hutoa kama kilo mbili na gramu mia saba za hewa ukaa.

Niliposoma hivyo nilidhani mchapishaji amekosea, kwa sababu lita yenyewe ya dizeli haifiki kilo moja. Nikaenda kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu wa kemia. Akanieleza kwamba mafuta yakiungua hujichukulia oksijeni kutoka hewani, na uzito wa hiyo oksijeni unaingia kwenye hesabu. Ni kama mtu aliyeingia sokoni na kikapu kitupu akatoka nacho kimejaa. Usimpime mlangoni ukashangaa.

Kwa hiyo hesabu lita, uniti za umeme, kilomita na sahani. Lakini kabla ya kuhesabu, punguza. Bomba likiwa linamwaga maji sakafuni, hatuanzi na kusifu uzuri wa deki. Tunafunga bomba, ndipo tunadeki kilichobaki. Hiyo miti yenu ndiyo deki.

La mwisho unalijua tangu utotoni: usisaini mizani ambayo hukuijaribu kwa mikono yako.

Baba yako

Mama yako anasema hujajibu kuhusu kula.

2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za goti, habari za Mama, habari za jirani wa kemia? Mimi nakula. Mwambie Mama nakula hata nikiwa nimesimama.

Mkutano umekwisha, na mimi karibu niishe nao. Nilianza na kupunguza, kama ulivyosema. Ukumbini kulikuwa na majokofu ishirini ya maonyesho, yote yanafanya kazi, yote milango wazi. Juu ya hayo viyoyozi vimewekwa digrii kumi na sita, na wageni wamekaa na makoti. Nikamwomba mwonyeshaji mmoja afunge mlango wa jokofu lake. Akasema, "Dada, nikilifunga mteja ataionaje baridi?" Nikapandisha viyoyozi hadi ishirini na nne. Dakika kumi hazijapita, mwenyekiti wa chama akanijia na leso mkononi: "Binti, sisi ndio tunaouza baridi. Tukionekana tunatoka jasho, nani atanunua?" Tukakubaliana ishirini na mbili, na makoti yakavuliwa kwa shingo upande.

Kisha nikagawa karatasi ya maswali. Kwenye "Umefikaje hapa?" watu thelathini waliandika "Salama." Wengine kumi na wawili waliandika kwamba wamekuja kwa miguu, nikaenda kuwatafuta kwenye maegesho, nikawakuta wote.

Mzito kuliko wote alikuwa mtaalamu wa mazingira aliyealikwa kutuhutubia kuhusu hewa ukaa. Amepanda ndege mbili kuja na mbili kurudi, amezungumza dakika arobaini. Nilikuwa nimemwomba ahutubie kwa video. Alijibu kwamba jambo la uzito huu linataka mtu aonekane. Safari yake peke yake imezidi vyakula vyote vya siku mbili.

Jumla ni tani thelathini na nane. Tayari ameagiza miche mia sita, na mimi nimempa kile kiwanja chetu cha mteremko nyuma ya tanuri la matofali, kinachoondoka kidogo kidogo kila mvua ikinyesha. Lori litakuja Jumanne. Wewe upokee tu, usaini fomu ya mapokezi, uirudishe kwa mkono wa dereva.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu, na mama yako anakusalimu. Goti limeshinda kwenye kiwanja jana tangu saa mbili asubuhi, kwa hiyo leo tusilizungumzie.

Lori limekuja. Fomu inasema miche mia sita. Nimeipanga mistari, kumi kwa kumi, nikahesabu mara tatu. Mizima ni mia nne themanini na sita. Mikavu ni sitini na mmoja, ambayo hata ukiivunja hailalamiki. Hamsini na mitatu haikuja kabisa. Dereva aliniambia, "Mzee, tia saini tu, hiyo mingine itafuata." Nikamuuliza, itafuata kwa miguu?

Mama yako naye alihesabu, akapata mizima mia nne themanini na saba. Tofauti yetu ni kifuko kimoja cha plastiki chenye kijani fulani ambacho yeye anasema ni mche na mimi nasema ni gugu lililojiotea. Nimemweleza kwa utaratibu kwamba kitu hakiwi mche kwa sababu tu kimo ndani ya kifuko cha mche. Hakuelewa.

Fomu sikuisaini. Nimeandika juu yake, kwa wino mwekundu, "Pungufu," na hesabu kamili, na dereva ameondoka nayo. Halafu lori lenyewe limekuja kilomita mia moja na limerudi tupu. Dereva anasema linakunywa lita sabini kwa safari nzima. Hizo ni kilo mia moja themanini na tisa za hewa ukaa. Ziongeze kwenye ripoti yako.

Mizima tunaipanda kuanzia leo.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe ni mzima. Mimi si mzima.

Tayari ameusoma wino wako mwekundu mbele ya ofisi nzima. Amenipa hadi Ijumaa ijayo niandike kwenye ripoti kwamba miti mia sita imepandwa, nisaini, au meza yangu apewe mwingine. Anasema miche iliyobaki italetwa, na kwamba wewe ni mzee mwenye nafasi nyingi.

Baba, nilipokuwa mdogo nikitumwa dukani, muuzaji alikuwa anapima sukari huku mkono unatetemeka, halafu ananiongezea kijiko, halafu anakitoa, halafu ananiuliza kama baba yuko nyumbani. Darasani waliniita Mizani. Sijawahi kulalamika. Leo ndiyo naomba kitu kimoja: kuna fomu nyingine nimeiweka humu. Isaini mia sita. Ni miti, Baba. Siyo unga wa mtu.

Mwanao

22 Machi

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku tano bila kuijibu. Mama yako alidhani naumwa, akanitengenezea uji.

Nitakueleza jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku uliyozaliwa nilikuwa kazini. Ilibaki mizani moja, ya duka la unga, ndipo nikaletewa habari kwamba mama yako amepelekwa hospitali. Nilipaswa kuweka mawe yangu ya kupimia juu ya ile mizani, moja baada ya jingine. Sikuweka hata moja. Niliipiga muhuri wa serikali nikakimbia. Miezi minane baadaye, zamu ya ukaguzi iliporudi, niliijaribu. Ilikuwa inapunja gramu hamsini kwa kila kilo. Miezi minane watu wamepanga foleni pale na watoto mgongoni, wanatazama muhuri wangu, wanaridhika. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua. Wewe ulizaliwa na kilo tatu na gramu mia mbili. Hiyo niliipima mara mbili.

Unasema siyo unga wa mtu. Mwanangu, hewa ndiyo unga wa kila mtu. Yule atakayeisoma ripoti yako hataweza kuja kuhesabu, ndiyo maana anaitazama saini.

Fomu nairudisha tupu. Najua inakugharimu nini. Ukifukuzwa, njoo, ngazi ipo na mimi sina wa kunishikia.

Kuna jingine, na naliandika kwa aibu. Wiki mbili hizi hakukunyesha, na goti halikubali ndoo. Nimekodi pikapu ya jirani wa kemia mara sita kupeleka maji kwenye miche. Lita kumi na nane. Hizo ni kilo arobaini na nane na gramu mia sita, na aliyezisababisha ni mimi. Ziandike.

Mama yako ananiambia nieleze kwamba yeye lile gugu lake analimwagilia maji aliyooshea vyombo, kwa miguu.

Baba yako

22 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako haijafika, na huenda hutaki kuniandikia tena. Mimi naandika.

Ijumaa Tayari aliniwekea ripoti mezani, akanifungulia na kalamu. Akasema, "Andika mia sita, binti. Hakuna mtu anayekwenda kuhesabu miti." Nikamwambia, "Baba yangu anakwenda." Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka tu. Nikaandika 486, nikaongeza kilo mia moja themanini na tisa za lori, nikasaini, nikaiambatisha na fomu yako ya wino mwekundu.

Tayari alikuwa amenyoosha mkono aichukue, mlango ukafunguliwa akaingia yule mama mkaguzi, amekuja kuifuata ripoti mwenyewe. Aliisoma amesimama. Akauliza, "Huyu wa wino mwekundu ni nani?" Nikasema ni baba yangu.  Akaitia kwenye mkoba akaondoka.

Tayari akaniambia Jumatatu nisije. Nimebeba kikombe changu na kandambili zangu za ofisini kwenye boksi la karatasi. Nisamehe kwa ile barua. Ile fomu usiisaini.

Mwanao

18 Aprili

Mwanangu,

Nakusalimu. Goti zuri. Mama yako mzima kupita kiasi, utaona sababu.

Jumatano alishuka mwanamke kwenye basi, na viatu vya shamba mkononi, akauliza kiwanja cha nyuma ya tanuri kiko wapi. Ni mkaguzi wenu. Alikuja na kibunda cha uzi mwekundu uliokatwa vipande mia sita. Alifunga kipande kimoja kwenye kila mche, kisha akahesabu vilivyobaki. Nikiri kwamba katika miaka thelathini na mmoja sikuwahi kufikiria njia hiyo.

Vilibaki mia moja kumi na vitatu.

Piga hesabu mwenyewe. Nilimwomba arudie. Akarudia. Mia nne themanini na saba. Nikamwonyesha lile gugu, nikamweleza kwa utaratibu. Akachuchumaa, akalitazama jani mbele na nyuma, akasema baba yake alikuwa na kitalu na kwamba huo ni mche kama wenzake, umechelewa tu kuchipua. Sasa hivi ndio mrefu kuliko wote.  Mama yako alimkaribisha mgeni chai, akamwekea sukari, akanitazama, akaongeza kijiko.

Mgeni alicheka nilipomsomea lita za pikapu yangu ili ziongezwe kwenye ripoti. Anasema amesoma ripoti nyingi za namna hii, zote zinaishia na sifuri nzuri ya mviringo, na hajawahi kukuta ambayo mzazi wa mwandishi amejishtaki mwenyewe. Hiyo mia moja kumi na mitatu ameshaidai kwa Tayari. Lori litakuja Jumanne, tarehe 28. Wino ninao.

Ndani ya bahasha kuna fomu. Nimeandika 487 na nimesaini. Tangu nistaafu sijasaini kipimo chochote, na kabla ya kusaini hiki niliirudia hesabu mara mbili.

Baba yako

24 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba goti ni zuri, na Mama nampa pongezi zake zote.

Chama cha wauzaji kilimwandikia Tayari kwamba mkutano ujao watampa yeye ikiwa tu hesabu nitafanya mimi. Alinipigia simu dakika ile ile. Nilipomuuliza kuhusu ajira akasema, "Wewe mbona nilikuwa nimeshakuajiri tayari." Barua ya ajira ninayo, nimeisoma mara tatu. Bango jipya linasema MITI 600. Nimemwambia alishushe hadi Jumanne lori lifike na wewe uhesabu. Amelishusha.

Kwenye ripoti, miti nimeongeza mmoja. Pikapu yako nimeiandika.

Fomu nairudisha. Haijakamilika. Mahali palipoandikwa "Aliyehesabu" umesaini wewe, na wewe ulipata mia nne themanini na sita. Aliyehesabu vizuri ni Mama. Mpe kalamu asaini yeye, na wewe usaini chini yake kwenye nafasi ya shahidi. Nimeweka alama kwa wino mwekundu ili msipotee.

Mwanao