Mafumbo Niliyompelekea Baba

Ijumaa, 3 Juni 1955

Baridi kali. Nimekaanga maandazi, nimefua, kisha darasani kwa Bi Mwanaidi. Wanawake watano kwenye jamvi, jiko la mkaa katikati. Bibi huyu hafundishi dini bila fumbo. Leo: kaburi gani lilitembea na mtu wake ndani? Nikawahi kujibu. Samaki wa Nabii Yunus. Akauliza nimejifunza wapi. Nikasema kwa baba yangu, katekista wa kanisa. Wenzangu wakainama. Yeye hakuinama. Akatoa somo: giza la usiku, giza la bahari, giza la tumbo, yote matatu hayakuzuia dua kusikika.

Akanipa jingine la kwenda nalo nyumbani. Nani alitumwa na Mungu, naye si mtu, si jini, si malaika?

Jumapili, 5 Juni

Ukungu umeshuka hadi milangoni. Mbeya yote imepotea. Kengele ya misheni inalia kama iko chini ya maji. Nilisimama uani na ndoo, nikasahau nilikokuwa nakwenda.

Miaka minne sasa. Niliposilimu nikaolewa na Juma, baba alisema nisikanyage tena kwake. Sijakanyaga. Nina hasira naye. Namkumbuka pia.

Fumbo bado.

Jumanne, 7 Juni

Barua kutoka Iringa, mwandiko wa kaka yangu Filipo. Baba amevimba miguu na tumbo, chakula hakipiti. Hakuandika "njoo". Juma ameacha kushona, ameisoma mara mbili. Anasema niende. Naogopa. Nikifukuzwa mbele ya majirani?

Jumatano, 8 Juni

Nimemwambia Bi Mwanaidi habari ya barua. Hakunipa pole. Akauliza jibu la fumbo. Sina, nikasema. Ni kunguru, akasema. Kabil alimuua nduguye, akabaki na maiti, hajui la kufanya. Mungu akamtuma kunguru afukue ardhi mbele yake, ndipo akajua kuzika. Somo ni aibu. Mtu mzima kufundishwa na ndege namna ya kumtendea wa kwao.

"Wewe usingoje ndege," akasema.

Nimelia njia nzima.

Ijumaa, 10 Juni

Ndani ya basi. Naandika kwa penseli, herufi zinaruka. Tumepita Sao Hill, misonobari inatokea kwenye ukungu mmoja mmoja, halafu hakuna kitu. Nilisinzia. Nikamwona baba amekaa ndani ya maji, koti lake la Jumapili limekauka kabisa. Niliamka nikiwa nimetulia, sijui kwa nini.

Jumamosi, 11 Juni

Nimefika. Mama alinipokea mlangoni kwa salamu ya kwetu, "kamwene, mwanangu, kamwene," mikono yake imejaa unga. Baba amelala, uso ukutani. Nikamsalimu. Hakugeuka. Nikaketi. Uji ukapoa.

Sikuwa na neno lingine, basi nikasema fumbo moja la darasani, kwa sauti ndogo. Ardhi gani iliona jua mara moja tu?

Ukuta ukajibu. "Chini ya bahari ya Shamu. Musa alipovusha watu." Kisha: "Hata mtoto wa komunyo ya kwanza anajua."

Baadaye kidogo: "Lete jingine."

Jumatatu, 13 Juni

Amekunywa uji, vijiko sita. Nimemuuliza, nini kinapumua bila roho? Alifikiri tangu chai hadi jua la utosi. Akashindwa. Nikamwambia jibu ni asubuhi, Kurani imesema asubuhi inapumua. Akataka Filipo ambebe nje kesho alfajiri aone.

Halafu akanigeukia, mara ya kwanza. "Agnesi. Hasira yangu haijaisha."

"Najua, baba."

"Lakini kaa."

Hakuniita Asha, jina langu la sasa. Sikumsahihisha.

Jumanne, 14 Juni

Tulikaa naye nje. Bonde lilikuwa linatoa mvuke.

Ijumaa, 17 Juni

Uvimbe wa miguu haujapungua. Mganga wa hospitali alikuja jana, akaongea na Filipo pembeni. Sikuuliza. Mama naye hakuuliza.

Siku zote hizi nimekuwa nikiswali stoo, kwa kujificha, kati ya magunia ya mahindi. Leo mchana nimekuta magunia yamesogezwa na sakafu imefagiliwa. Mama kasema baba ndiye aliyeagiza. Nikatandika mkeka. Mlango ulikuwa wazi, kitanda chake kinaonekana.

Baba akauliza, mkiswali mnaelekea wapi.

Nikasema Makka. Kaskazini.

Alijiinua kwa kiwiko, taratibu, akanitazama, akatazama mkeka. Nyumba hii aliijenga mwenyewe. Akanyoosha mkono kuelekea dirishani.

"Kaskazini ni kule. Hapo umepinda."

Nikausogeza mkeka.